Sentensi ya Syokau

Katika insha za Kiingereza za shule za msingi hapa Machakos, jua halichomozi tu. Hutabasamu kutoka mashariki. Mtu akikimbia, hukimbia kwa kasi yote ambayo miguu yake inaweza kumbeba, na akiogopa, giza linalomzunguka huwa jeusi kama moyo wa shetani. Mtoto wa Kangundo na mtoto wa Masinga ambao hawajawahi kuonana huandika mambo haya kwa maneno yale yale. Waliyapata ubaoni kutoka kwa walimu ambao nao waliyanakili kutoka ubaoni walipokuwa watoto.

Kavindu Kilonzo aliyanakili pia. Alikulia Ndithini, na mwaka ambao shule yao ilikuwa ikipikiwa mahindi ya msaada kwa sababu ya ukame, aliandika katika mtihani kwamba mvua ilinyesha paka na mbwa, vile Waingereza husema ya mvua kubwa. Alipewa alama zote. Anapolisimulia jambo hilo hacheki.

"Sikuwa nimeona mvua karibu mwaka mzima," anasema. "Na hakuna mtu aliyeniuliza."

Sasa ana umri wa miaka arobaini na kitu, na sehemu kubwa ya kazi yake ameifanya katika shule moja ya mlimani nje ya mji wa Kangundo, yenye mibuni chini ya ua na kanisa juu yake. Amefundisha Kiingereza katika gredi ya tano kwa muda mrefu hivi kwamba kuna wazazi wanaoleta watoto wao kwake baada ya kusomeshwa naye wenyewe. Si mwalimu wa kelele. Huongea kwa sauti ya chini, na darasa hunyamaza ili limsikie.

Somo ambalo wanafunzi wake wa zamani hulitaja kwanza ni lile la tamathali. Aliwakataza kutumia chochote walichokikuta kwenye kitabu. Kwanza aliwafundisha tashbihi, yaani kusema kwamba kitu hiki ni kama kile, lakini kile lazima kiwe kitu ambacho mtoto amekiona kwa macho yake. Baada ya majuma kadhaa aliwaambia waitoe ile "kama". Usiseme kinafanana, sema ndicho. Mtoto mmoja alisema lori za mawe zinazopanda mlima wa kwao ni wazee wenye pumu. Mwingine akasema jikoni kwa nyanya yake ni mdomo usiopigwa mswaki. Darasa lilipenda hilo la pili kiasi cha kulirudia hadi saa ya chakula.

Halafu kukatokea jambo la Masila. Masila alikuwa mvulana mpole aliyelelewa na bibi. Alisimama akasema mkono wa bibi yake ni gunzi. Ilikuwa sentensi nzuri, na yeyote aliyewahi kushikwa na mkono uliopukuchua mahindi maisha yote angeielewa. Wenzake walicheka. Mpaka mwaka ulipoisha aliitwa Gunzi, na hakusimama tena kusema lolote darasani.

Tangu hapo Kavindu akabadilisha utaratibu. Kila Ijumaa, wakati darasa likifanya zoezi, watoto walimjia mezani mmoja mmoja na kumnong'oneza sikioni sentensi waliyoitunga. Alijibu kwa mojawapo ya maneno mawili. "Imelala," kama alishawahi kuisikia mahali. "Iko macho," kama hajawahi. Aliyeambiwa imelala alirudi kwenye dawati akafikiri upya. Aliyeambiwa iko macho alirudi akitembea kama aliyepewa cheo. Na kulikuwa na sharti moja ambalo alilieleza mwanzoni mwa kila mwaka, mbele ya wote.

"Ukininong'onezea, inakaa hapa sikioni. Ikitoka, utaitoa wewe. Si mimi."

Watoto walimwamini. Mtu akitaka kuelewa yaliyofuata, aanzie hapo. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa atazame nyumbani kwao kwa macho yake mwenyewe na alete alichokiona, hataleta maua. Kavindu alisikia kwa sikio lile kuhusu baba walevi, kuhusu shangazi aliyerudi kutoka Uarabuni na haongei, kuhusu shamba ambalo ndugu wamelifanya nyama. Yote yalikuja kwa Kiingereza cha gredi ya tano, na yote yalibaki alikoahidi yatabaki, isipokuwa yale aliyomsimulia Linet.

Linet ndiye mwalimu mwandamizi wa shule. Yeye na Kavindu walisomea ualimu pamoja, wakalala chumba kimoja, wakala mahindi ya muthokoi ya sufuria moja. Kavindu alipofiwa na mama yake, Linet alikwenda Ndithini akapika siku zote za matanga. Hawakuwa wakiitana kwa majina. Waliitana *mwiitu wa mwaitu*, binti ya mama yangu, ambavyo ndivyo Wakamba humwita dada. Saa ya chai walikaa kona moja ya chumba cha walimu, viti vikiwa vimegeuzwa kidogo kuelekea dirishani.

"Leo nimepata moja," Kavindu alimwambia siku moja ya muhula wa pili. "Mwiitu wa mwaitu, hiyo ilinifanya niweke kalamu chini."

"Sema basi. Chai inapoa."

"Lakini unajua sharti."

"Mimi nitamwambia nani? Hii mibuni?"

Mwenye sentensi alikuwa Syokau, msichana mdogo wa mwili, wa dawati la pili, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameambiwa imelala karibu kila Ijumaa. Siku hiyo alikuja mezani akasimama kwa muda bila kuinama. Kisha akainama. Alichosema kwa Kiingereza, kikiwekwa kwa Kiswahili, ni hiki: "Baba yangu ni mgeni anayejua mahali vikombe vinakaa."

Kavindu alimwambia iko macho. Hakumuuliza zaidi, kwa kuwa hakuhitaji. Baba yake Syokau, Bartholomew Wathome, husimamia upakiaji wa lori kwenye machimbo ya mawe upande wa Mlolongo, na huja nyumbani wikendi moja akaruka nyingine. Akija, mkewe Ndanu hutoa kabatini vikombe vya maua ambavyo watu wa Kangundo huvitunza kwa ajili ya kasisi na wakwe. Kwamba Wathome ana nyumba ya kupanga huko Mlolongo na kwamba haishi humo peke yake, mji ulikuwa unalijua kwa namna mji unavyojua mambo ya mtu anayeheshimika. Lilijulikana na halikutajwa. Wathome ni mwenyekiti wa wazazi shuleni. Kanisani husoma somo la kwanza.

Linet aliisikiliza sentensi hiyo na kikombe kikiwa mdomoni. Aliomba irudiwe.

"Huyu mtoto atakuwa mtu," alisema.

Siku ya Elimu ilifuata mwishoni mwa muhula. Kila mwaka huwa na hema, viti vya kukodi, nyimbo, na afisa wa elimu aliyealikwa. Mwaka uliotangulia afisa huyo alikuwa amelalamika mbele ya wazazi kwamba watoto wa shule hiyo wanakariri, kwamba ameshachoka na jua linalotabasamu. Linet ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli zote mwaka huo na mwaka huu. Nafasi ya naibu wa mwalimu mkuu ilikuwa wazi, na kila mtu katika chumba cha walimu alijua nani anaitaka.

Baada ya kwaya, Linet alichukua kipaza sauti akasema kwamba shule imesikia, na kwamba sasa watoto hufikiri wenyewe. Akatoa mifano. Lori ni wazee wenye pumu. Watu wakacheka, afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jikoni ni mdomo usiopigwa mswaki. Wakacheka zaidi, akina mama wakipigana mabega. Kavindu, aliyekuwa amekaa pembeni na darasa lake, anasema mpaka hapo hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa hizo mbili zilishasemwa hadharani na wenyewe.

Ya tatu ilikuwa ya Syokau. Linet aliisema kwa Kiingereza, akaitafsiri kwa Kiswahili, na ili hata bibi wa nyuma kabisa asipitwe, akaisema na kwa Kikamba. Kisha akauliza, "Syokau yuko wapi? Simama tukuone! Wazazi, mpatieni makofi ya kilo!"

Syokau alisimama. Alikuwa amefundishwa kusimama akiitwa.

Makofi yalianza upande wa afisa, ambaye hakuwa mtu wa Kangundo. Hayakufika mbali. Wathome alikuwa safu ya mbele, koti likiwa limefungwa vifungo vyote, mkewe kando yake. Katikati ya ukimya mwanamke mmoja wa nyuma akasema, si kwa sauti kubwa, "Na leo amekunywea kipi, cha maua ama cha bati?" Safu nzima ikainamia magoti ikicheka.

Kavindu alimtazama Linet, na Linet alikuwa anatazama karatasi ya ratiba. Alipogeukia darasa lake alimkuta Syokau bado amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Hakuwa anamtazama baba yake wala mama yake. Alikuwa anamtazama mwalimu.

Mambo yalipofika sokoni yalikuwa yamepata miguu. Vijana wa bodaboda walio karibu na kituo cha mafuta walimwona Wathome akipita wakaanza kuitana, "Mgeni amefika! Toeni vikombe!" Mwenye hoteli mmoja alimuuliza kama atakunywa chai yake kwa kikombe ama kwa glasi, na watu wazima wakatoka nje wacheke. Wathome hakurudi Mlolongo Jumapili hiyo kama kawaida yake. Alibaki Kangundo, na katika nyumba yake hilo halikuwa jambo jema.

Kavindu alimkabili Linet siku ya kwanza ya juma, kwenye kona yao.

"Nilikuambia sharti."

"Uliniambia, ndiyo. Lakini mwiitu wa mwaitu, kitu kizuri namna hiyo unakificha cha nini? Afisa amesema atatutoa mfano kwa shule zingine."

"Ulimsimamisha."

"Nilimpatia sifa! Ni mimi nimejua baba yake atakasirika?"

"Ulijua. Mimi na wewe tulikaa hapa tukajua pamoja."

Linet aliinua kikombe akaenda kukaa karibu na mwalimu wa hesabu. Yeye analikumbuka jambo hili kwa namna nyingine. Anasema sharti la Kavindu lilikuwa mchezo wa darasani, kwamba hakuna mtu mzima aliyelichukulia kuwa kiapo, na kwamba kama Kavindu alilichukulia hivyo, basi yeye ndiye wa kwanza kulivunja. Katika hilo la mwisho Kavindu hambishii.

Ijumaa ilipofika darasa lilifanya zoezi na watoto wakamjia mezani kama kawaida. Wa kwanza alimnong'onezea kwamba jua lilitabasamu. Alimwambia imelala, na mtoto akaitikia vizuri, akarudi kwenye dawati lake na kukaa bila kufikiri upya. Wa pili alisema alikuwa na furaha kama mfalme. Wa tatu alisema giza lilikuwa jeusi kama moyo wa shetani. Zilikuja hivyo zote, moja baada ya nyingine, kwa heshima, bila kosa la sarufi. Hakuna aliyewapanga. Kila mmoja alikuwa ameona hema lile.

Syokau alikuja karibu na mwisho.

"Baba yangu ni jasiri kama simba," alinong'ona.

"Hiyo imelala, Syokau."

"Najua, mwalimu."

Wathome aliomba kikao, na mwalimu mkuu, Bwana Mutuku, akakiita Jumatatu asubuhi. Ofisi ya Mutuku ni ndogo. Alikaa nyuma ya meza. Wathome na mkewe wakapewa viti. Linet akasimama karibu na kabati na Kavindu karibu na mlango. Syokau aliwekwa katikati, akiwa na sweta ya shule iliyovutwa hadi vidoleni.

Wathome hakupiga kelele. Alizungumza kama msomaji wa kanisani.

"Bwana Mutuku, mimi nimehudumia hii shule. Hili hema nililotukaniwa ndani yake nililiomba mimi kwa rafiki zangu. Sitaki mengi. Nataka kujua mtoto wangu anafundishwa nini hapa. Kama ni kunichunguza, basi nitamchukua nikae naye Mlolongo. Kuna shule huko. Atasoma akiwa kwangu, nijue anavyolelewa."

Aliposema "kwangu", Ndanu, mkewe, aliyekuwa hajatamka neno tangu aingie, alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Si lazima tufike huko, mzee," Mutuku alisema. "Ni mambo ya insha tu. Mwalimu Linet, wewe ndiye ulisoma."

"Nilisoma, mwalimu mkuu."

"Uliitoa wapi?"

"Mimi nilisoma nilichopewa na mwalimu wa somo."

Kavindu anasema alingoja. Alidhani kuna maneno mengine yanakuja nyuma ya hayo. Linet alikuwa amefika mwisho. Alifungua mlango wa kabati kidogo, akaufunga.

Basi Wathome akamgeukia binti yake. "Syokau. Nani alikuambia useme mimi ni mgeni?"

Wathome alisogeza kiti karibu naye.

"Ni mama yako?"

Ndanu alifunga macho.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Ni mama yako anakuambia hayo nikiwa kazini?"

Syokau alifungua mdomo. Kavindu alikuwa amemsomesha mtoto huyo tangu mwaka uanze na alijua jinsi anavyoonekana anapokaribia kusema kweli: huinua kidevu. Alikiona kidevu kikianza kupanda. Ukweli ungekuwa, hakuna aliyeniambia, niliona mwenyewe. Na baada ya ukweli huo mtoto angefungiwa nguo zake kwenye mfuko na kupelekwa kuishi katika nyumba ile ile aliyoisema bila kuitaja.

"Ni yangu," Kavindu alisema.

Wathome alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Umesema?"

"Hiyo sentensi ni yangu. Niliitunga mimi kama mfano wa ubaoni, nilikuwa nafundisha istiari. Haikuhusu mtu. Mtoto aliikariri tu, vile wanakariri zile zingine."

Isipokuwa Linet, aliyejua, hakuna aliyeitilia shaka. Mutuku na wazazi hao wawili walisomea shule za wilaya hii. Wote waliwahi kuandika, wakiwa na umri wa Syokau, kwamba jua lilitabasamu, na wote walijua kwamba mtoto wa gredi ya tano hatungi, hukariri. Mutuku alishusha pumzi. Wathome alifungua kifungo kimoja cha koti.

"Kumbe," alisema. "Basi mwalimu, Kiingereza chako kina mdomo mrefu."

"Naomba msamaha."

"Mimi nilijua tu. Mtoto mdogo hivi atoe wapi maneno kama hayo?" Akacheka kidogo, akamgusa Syokau kichwani. "Huyu hata ya soko hayajui."

Mutuku aliamua papo hapo, kwa kuwa mgeni wake alikuwa anatulia na ilifaa atulie akiona kitu kimefanyika. Mwalimu Kavindu angeshuka gredi ya kwanza, afundishe kusoma herufi, kuanzia muhula ujao. Kiingereza cha gredi ya tano kingechukuliwa na Mwalimu Linet, ambaye afisa alikuwa ameshamsifu. Wathome alisema hilo linatosha na kwamba habari ya Mlolongo aisahau kila mtu, alikuwa na hasira tu. Ndanu alisimama akatangulia kutoka. Alipompita Kavindu mlangoni hakumtazama wala hakumshukuru, na Kavindu anasema asingetaka amshukuru mbele ya yule mwanamume.

Linet alitoka wa mwisho. "Mwiitu wa mwaitu," alianza.

"Mwalimu Linet," Kavindu alisema, "kengele imelia."

Nje, Wathome na mkewe walikuwa wamesimama kando ya pikipiki wakimngoja Mutuku, aliyetaka kuwasindikiza hadi langoni. Syokau alikuwa ameagizwa arudi darasani. Alikuwa amefika nusu ya uwanja. Alisimama, akageuka, akarudi mpaka mahali Kavindu alipokuwa, karibu na bomba la maji, na safari hii hakuinama wala kunong'ona. Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo baba yake angeweza kuisikia kama angekuwa anasikiliza.

"Mwalimu, ile ilikuwa yangu."

"Najua, Syokau."

"Umewaambia ni yako."

Kavindu alitafuta la kumwambia. Kulikuwa na maelezo, tena mazuri, kuhusu Mlolongo na kuhusu mama yake, lakini hayakuwa maelezo ya kumpa mtoto huku baba yake akiwa hatua chache kutoka hapo. Akasema tena kwamba anajua. Mtoto alingoja kidogo zaidi, jinsi wanafunzi wake walivyokuwa wakingoja neno lake siku za Ijumaa, na alipoona haliji, akavuta sweta juu ya vidole akaenda darasani.